Wanawake wasio na makao na wanaowahudumia: maswali tunayoulizwa kila mara Kisumu, Nakuru na Magharibi

Nyinyi ni akina nani?

Ni akina mama wa kujitolea. Hatuna jumba, hatuna gari, hatugawi chakula. Kazi yetu ni kusindikiza. Mwanamke asiye na pa kulala akienda hospitali, kituo cha polisi, kwa chifu au kwa afisa wa watoto, mmoja wetu huenda naye na kuketi naye kwenye benchi mpaka ahudumiwe. Maswali haya tumeulizwa na wauguzi, wachungaji, wanafunzi wa vyuo, majirani, na wanawake wenyewe.

Mkisema "hana makao" mna maana analala barabarani?

Huyo ni mmoja wao, na ndiye rahisi kumwona. Wengine wengi hulala sakafuni kwa rafiki huko Nyalenda au Kaptembwo, mpaka mume wa rafiki aanze kununa. Kuna anayelala sokoni nyuma ya kibanda, juu ya magunia, akisema analinda mali. Kuna anayejiegesha kwenye benchi nje ya wodi kana kwamba ana mgonjwa ndani. Na kuna asiyekosa kesha hata moja kanisani. Hatusemi haombi, anaomba sana. Lakini kesha pia ni usiku mzima chini ya paa, taa zikiwaka, wanawake wenzake wakiwa kando yake.

Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, wake kwa waume na watoto. Zaidi ya 2,700 walikuwa Kisumu, na karibu 2,000 Nakuru. Ukizisoma tarakimu hizo, kumbuka kwamba mwanamke akiwa peke yake usiku kinga yake ya kwanza ni kujificha, na anayejua kujificha ni vigumu kumkuta kwenye hesabu ya mtaani.

Walifikaje huko?

Njia ni nyingi. Iliyo fupi kuliko zote ni kufuli ya landilodi: kodi ya miezi miwili imelala, anarudi kutoka kibaruani anakuta mlango umefungwa, vyombo vikiwa ndani na kitambulisho kikiwa ndani. Wengine walikuwa wasichana wa kazi, wakaishi kwa mwajiri, na siku walipofutwa kazi wakawa wamefukuzwa na nyumbani pia. Kuna mafuriko ya Nzoia kule Budalang'i na ya Nyando kwenye nyanda za Kano, ambayo hubomoa nyumba ya udongo kwa usiku mmoja. Nakuru bado ina watu walioacha mashamba yao kwa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, wakapitia kambi ya wakimbizi ya Showground, na hawakurudi tena walikotoka. Na kuna kipigo. Mwanamke anayetoka saa nane za usiku na mtoto mgongoni hapangi atalala wapi kesho yake. Anapanga kufika asubuhi akiwa hai.

Kwa huku Magharibi na Nyanza, wajane wanastahili kutajwa peke yao. Mume amezikwa, wageni wametawanyika, matanga hayajaisha vizuri, mashemeji wanaitana. Anaambiwa akubali kurithiwa au aondoke. Anaambiwa shamba ni la ukoo na yeye alikuja kuolewa tu. Wengi huondoka kimyakimya wakidhani hivyo ndivyo sheria inavyosema, na sheria haisemi hivyo. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamtambua mjane na watoto kuwa warithi, na kifungu cha 45 kinamtia hatiani mtu yeyote anayejitwalia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini yenyewe ni ndogo kwa ng'ombe na ekari zinazonyakuliwa, hilo tunalikiri. Hata hivyo barua moja inayotaja kifungu hicho imewahi kuwatuliza mashemeji waliokuwa wameshang'oa mabati. FIDA-Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na huwashauri wanawake bila malipo. Mjane akiuliza aanzie wapi, huko ndiko tunakompeleka.

Ofisi za serikali si zipo? Kwa nini hawaendi kuomba msaada?

Wanaenda! Hili ndilo swali linalotuchosha kuliko yote, kwa hiyo tutalijibu kwa urefu.

Chukua asubuhi moja hospitalini. Mtoa huduma wa kwanza si daktari wala muuguzi. Ni mlinzi wa lango. Mwanamke amebeba gunia lenye blanketi, sufuria, nguo za mtoto na kitabu cha kliniki kilichofungwa kwa nailoni mara tatu kisilowe. Mlinzi anasema gunia haliingii. Kwake ni uchafu na hatari. Kwa mwanamke ni nyumba yake yote, na akiiacha nje ya lango hataikuta. Mara nyingi safari inaishia pale. Muuguzi wa ndani hatajua kamwe kwamba alikuwa na mgonjwa.

Akifaulu kupita, anafika dirishani.

"Mama, unakaa wapi?"

"Hapa mjini."

"Hapa mjini wapi?"

"Hapa tu."

Karani anaiacha nafasi ile wazi, lakini kompyuta inagoma kusonga mbele mpaka ijazwe. Walio nyuma kwenye foleni wanaanza kuguna. Halafu namba ya simu. Hana, au anayo ya jirani wa zamani. Halafu jamaa wa karibu, na jamaa wa karibu ndiye aliyempiga. Yote haya yanasemwa kwa sauti ya kusikika hadi kwenye benchi la nyuma, kwa sababu kioo cha dirisha kina tundu dogo na lazima upaze.

Kisha anatumwa. Akaripoti polisi kwanza. Polisi wanataka karatasi ya hospitali. Dawati la jinsia lipo, ila afande wa dawati ametoka, arudi kesho. Chifu anaandika barua kwa mtu wa eneo lake tu, naye hana eneo. Kila kituo ni nauli ya boda na ni siku bila kibarua. Kama siku ile angeosha nyanya sokoni au kufua nguo za watu, watoto wangekula. Akirudi kesho afande hayupo tena, kesho kutwa harudi, na kitabuni panaandikwa kwamba hakufuatilia.

Kila meza inamwuliza habari ileile upya. Anamweleza mlinzi, karani, muuguzi, afande. Anapomfikia afisa wa ustawi wa jamii, ambaye ndiye mwenye uwezo wa kumsaidia hasa, habari imekauka: inasemwa kwa sentensi mbili, bila machozi, macho yakiwa ukutani. Na afisa anayesikiliza kwa mara ya kwanza anaanza kushuku. Mbona halii? Mbona tarehe zinagongana? Tumeketi kando ya wanawake tuliowaona wakilia kwelikweli dirishani asubuhi, na jioni tukasikia wakiitwa waongo.

Kwa hiyo ukituuliza tatizo ni nini, hatutaanza na uhaba wa huduma. Uhaba upo. Lakini wanawake wengi tunaowajua wamepotelea katikati ya ofisi moja na nyingine, wakiwa na karatasi ya rufaa mkononi. Mtoa huduma aliyeandika karatasi ile anaamini amesaidia, na daftari lake linasema hivyo.

Basi huduma wanayoikumbuka kwa wema ni ipi?

Ndogondogo, na haigharimu mradi. Muuguzi aliyemwuliza kama amekula kabla ya kumwuliza jina. Daktari aliyefunga mlango. Afisa aliyepiga simu ofisi inayofuata mbele yake, akataja jina la atakayempokea, akasema, "Ukifika ulizia fulani, anakungoja." Kuitwa mama fulani kwa jina la mtoto wake badala ya kuitwa "wewe wa gunia". Mlinzi aliyemwambia, "Weka hapa kwangu, mama, nitakuangalizia."

Mama mmoja wa Kondele alihudumiwa katika sehemu nyingi kwa mwaka mzima. Tulipomwuliza ni nani aliyemsaidia zaidi, alimtaja mfagiaji wa zahanati aliyekuwa akimwonyesha mlango sahihi kabla foleni haijaanza. Waliompa pesa aliwataja baadaye, baada ya kukumbushwa.

Kimbilio la wanawake lipo? Mtu anaingiaje?

Yapo, machache, na mengi huendeshwa na makanisa na mashirika. Mahali yalipo hufichwa kwa usalama, ndiyo maana hutayaona hapa. Mara nyingi mwanamke huingia kwa kupelekwa na polisi, hospitali, afisa wa watoto, au kupitia simu ya bure ya 1195 inayopokea visa vya dhuluma za kijinsia saa 24.

Yaelewe masharti kabla hujamwahidi mtu chochote. Makimbilio mengi ni ya waliopigwa au kudhulumiwa. Aliyefungiwa nyumba kwa sababu ya kodi hahesabiwi, hata kama usiku wa leo hatari yake ni ileile. Mengine hayapokei mvulana aliyebalehe, na hapo mama anaambiwa achague kati ya kitanda na mwanawe wa miaka kumi na tatu. Mengine hayapokei mwenye ugonjwa wa akili au anayekunywa pombe. Simu huchukuliwa langoni, na kutoka ni kwa ruhusa. Sababu zake tunazielewa, maana kuna mume aliyewahi kumfuata mkewe kwa kumpigia simu tu. Ila mwanamke aliyezoea kujilinda mwenyewe usiku mzima, ukimnyang'anya simu na kumfungia lango, humwoni akishukuru siku ya kwanza. Anayempokea amweleze sababu kabla ya kunyoosha mkono kuichukua.

Na muda una mwisho. Miezi ikiisha anatoka, na kama hakuna kodi ya kuanzia wala pa kufanyia biashara, tunakutana naye tena stendi.

Ni lazima yeye ndiye aondoke nyumbani?

Si lazima. Sheria ya Kinga dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015 inaipa mahakama uwezo wa kutoa amri ya kumlinda, na hata kuamuru kwamba anayepiga ndiye atoke na mama abaki na watoto. Maafisa wengi wa mstari wa mbele hawaitaji. Wanamwuliza tu ana ndugu wapi.

Hana kitambulisho. Atapata huduma gani?

Matibabu ya dharura ni haki yake. Kifungu cha 43(2) cha Katiba kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura, na hakikutaja kitambulisho. Kuripoti polisi na kupewa namba ya OB (daftari la matukio la kituo) pia hakuhitaji.

Kwingine ni kugumu. Tangu SHA, bima mpya ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, zahanati na vituo vya afya vya umma vinamhudumia aliyesajiliwa hata kama hajalipa mchango. Lakini kusajiliwa kwenyewe kunataka kitambulisho. Kwa hospitali kubwa, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, na asiye na ajira rasmi anatakiwa kulipia mwaka mzima kwa mkupuo. Inua Jamii, ile shilingi 2,000 ya kila mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, nayo inataka kitambulisho.

Kwa hiyo akituuliza tuanzie wapi, mara nyingi tunaanzia hapo: polisi kuchukua abstrakti ya kupotelewa, kisha Huduma Centre. Tangu 2024 kitambulisho kilichopotea hulipiwa shilingi 1,000. Kama una pesa za kusaidia na hujui uzipeleke wapi, lipia mtu kitambulisho.

Amebakwa. Tufanye nini sasa hivi?

Hospitali kwanza, polisi baadaye. Saa zinahesabika: dawa za kuzuia HIV lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi mpaka saa 120. Asioge. Kama amebadilisha nguo, nguo zile ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki, kwa sababu unyevu huharibu ushahidi. Kwa manusura wa ubakaji matibabu katika hospitali za umma ni bure, na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari kuwa ushahidi, ni bure. Hospitali kubwa za rufaa za Kisumu (ile wenyeji wanaiita Russia) na Nakuru zina vitengo vya manusura. Ulizia kitengo hicho langoni, usipige foleni ya kawaida. Mtoto akihusika, piga 116.

Asilazimishwe kuripoti ndipo atibiwe. Tumesikia akiambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na kila mara tumebaki kwenye benchi mpaka aliyesema abadili kauli.

Akiomba msaada, atanyang'anywa watoto?

Hofu hii ndiyo inayowafanya akina mama wapite mbali na ofisi ya watoto, na haikutoka hewani. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa afisa uwezo wa kumchukua mtoto anayehitaji ulinzi, na mtoto anayelala nje anaweza kuangukia humo. Lakini miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inasema wazi kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtenga mtoto na mzazi wake. Sera ya Kenya ya siku hizi nayo inaegemea kumbakisha mtoto kwenye familia, sio kumpeleka kwenye makao.

Ushauri wetu kwa mama: nenda na mtu, na beba kitabu cha kliniki. Chanjo zilizojazwa kwa tarehe husema mengi kukuhusu kuliko utakavyosema wewe ukiwa na hofu. Kwa afisa: mwambie mapema kama umekuja kuchukua mtoto au hukuja kuchukua mtoto. Asipojua, kila jibu atakalokupa litakuwa la kukukwepa, nawe utaandika kwamba anaficha mambo.

Askari wa kaunti wana haki ya kuwabeba?

Sheria ya zamani ya uzururaji ilifutwa 1997, kwa hiyo kutokuwa na nyumba si kosa. Kubebwa kupo vilevile, hasa mgeni mkubwa anapotarajiwa mjini. Watu wa Nakuru hawajasahau Februari 2019, iliporipotiwa kwamba watoto na vijana wa mitaani walipakiwa kwenye gari usiku na kutupwa msitu wa Chemususu, Baringo. Wengine walirudi kwa miguu. Ndiyo maana gari lolote la serikali likisimama usiku, hata likiwa limeleta blanketi, watu hutawanyika. Mkitaka kugawa vitu, njooni mchana, kwa miguu, pamoja na mtu wanayemfahamu.

Mimi ni muuguzi (au karani, au afande). Nibadilishe nini bila bajeti?

Zungumza na mlinzi wako wa lango. Tenga kona ya kuwekea mizigo. Swali la makao liulizwe kando, kwa sauti ya chini, na mkubaliane kazini mtaandika nini pale asipokuwa na anwani ili kompyuta isiwe ndiyo inayomfukuza. Maelezo yake yaandike mara moja, vizuri, na kwa ridhaa yake uyatume mbele yake kwenda ofisi inayofuata ili asiyaanze upya. Usiseme "rudi kesho" kama hujui nani atakuwepo kesho. Ukiweza, mtume mtu amfikishe; wahudumu wa afya ya jamii wapo kila mtaa na wanajua njia.

Tunajua nawe umechoka, foleni haiishi na mshahara umechelewa. Wanawake wanajua pia. Aliyechoka humsamehe haraka kuliko wanavyomsamehe aliyewacheka.

Kwa nini wengine wanakataa msaada na kurudi mtaani?

Mwulize ni msaada gani aliokataa. Mmoja alipewa chumba kizuri, kodi ya miezi mitatu imelipwa, mtaa asiomjua mtu, mbali na soko anakopata kibarua. Wiki chache baadaye alikuwa amerudi mjini. Mfadhili alikasirika sana. Lakini mtaani alikuwa na mtu wa kumwachia mtoto, mama wa chai anayemkopesha, na wenzake wanne wanaolala kwa zamu. Kule chumbani alikuwa na mlango tu.

Ulevi na gundi vipo, hatutawaficha. Wengi walianza baada ya kufika mtaani, kwa baridi na kwa woga. Anayetaka aache kwanza ndipo asaidiwe anampa mtihani ambao wenye nyumba nzuri na kitanda wameushindwa.

Hedhi wanaimudu vipi?

Kwa shida. Sodo za bure za serikali ni za wasichana wa shule. Choo cha mjini ni cha kulipia, na usiku kimefungwa. Wanatumia vitambaa, na pa kuvianika hakuna. Mkigawa sodo, gaweni na chupi, sabuni na hela ya choo.

Nimpe pesa mkononi au ni vibaya?

Mpe ukitaka. Ni mtu mzima.

Tunaandaa siku ya kuwatembelea na tungependa picha za ukurasa wetu. Mtatupeleka?

Hapana. Mume anayemtafuta ana simu pia. Mkija bila kamera, mkaketi, mkanunua chai kwa mama wa chai wao, tutawapeleka siku yoyote isipokuwa Jumapili, maana Jumapili ni siku ya soko la Kibuye na wengi wako kazini.